Umri wa Jabali la Baba Mkwe

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika Bariadi, na watafuta madini nyuma yao, nilikuwa nimemaliza chuo nilikosomea miamba. Sikuwa na kazi, na nilitaka kuoa. Tukapeleka posa Sapiwi, kwa kina mchumba wangu. Baba mdogo, aliyekuwa msemaji wangu, alinionya njiani: "Ukiulizwa kitu, jibu kifupi. Usije ukatukosesha binti wa watu."

Tulipokelewa vizuri. Tukasalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, tukakaa. Kisha baba mkwe akaonyesha jabali lililokaa katikati ya shamba lake, ambalo mama mkwe alikuwa ameanika udaga wake wa muhogo juu yake.

"Msomi, lile lina umri gani?"

Nikajiuliza kama ni mtihani. Na kama ni mtihani, je, jibu fupi si dharau?

"Zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, baba. Ongeza au punguza milioni kadhaa."

Baba mdogo akafumba macho.

"Yaani unasema shamba langu limezeeka."

Kwa mfugaji, uzee hushusha thamani. Ng'ombe mzee hata kwenye mahari hukataliwa. Nilitaka kurekebisha, nikazidi kuharibu. Nikaeleza kwamba ule mshipa mweusi uliolikata jabali katikati ni mdogo kwake kwa umri, maana huwezi kukata kitu ambacho bado hakipo. Nikaeleza matabaka: ni kama magunia ya pamba ghalani, la chini ndilo lililotangulia.

"Ghala la nani?" akauliza. "Siku hizi watu wakitaka kuficha gunia lililotiwa mchanga kuongeza uzito, la juu linakwenda chini."

"Hata mawe hupinduka, baba," nikakiri, kwa sababu ni kweli.

"Sasa umri umeujuaje?"

Nikasema ndani ya jiwe mna chembe zinazogeuka polepole kuwa kitu kingine, kwa mwendo unaojulikana, kama maziwa yanavyogeuka mtindi kibuyuni. Ukipima kilichogeuka na kilichobaki, unajua yamekaa muda gani.

"Na kama mtu alifungua akanywa?" Sauti ya mama mkwe ilitoka jikoni.

"Hapo hesabu inaharibika, mama."

Jikoni wakacheka. Mchumba wangu alikuwa mle ndani, nami sikuweza kutambua kama na yeye anacheka au analia.

Baba mkwe akamgeukia baba mdogo. "Kijana wenu hajui kudanganya."

"Tumejaribu kumfundisha."

"Binti nitawapa. Ila dada zangu wakija kukagua ng'ombe wa mahari, huyu asifungue mdomo kuhusu umri wa chochote."

Ndiyo maana siku ya ukaguzi nilikaa kimya tangu asubuhi, mpaka shangazi mmoja akauliza kama bwana harusi ni bubu.

"Hapana," baba mkwe akamjibu. "Ni msomi."