Nyuma ya Migomba

Kwetu Rungwe, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Siku hizi wengi, hasa pale Tukuyu mjini, wanasalimiana kawaida tu, lakini nyumba niliyoolewa mimi bado inashika desturi hiyo. Ukimsikia anakuja, unaacha njia.

Mwaka ule mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano. Watu walikuja kuniombea, nami niliitikia amina. Nikiwa peke yangu sala haikutoka. Nilianza, "Mungu wangu," nikaishia hapo. Niliogopa kwamba nitabaki hivyo maisha yangu yote, na sikumwambia mtu.

Alasiri moja nilikuwa natoka kukata majani ya ng'ombe. Kabla ya kona nikasikia redio ya simu ya baba mkwe. Haendi popote bila redio hiyo. Nikaingia kwenye migomba, nikatua mzigo, nikaipa njia mgongo na kuinamisha kichwa. Redio ikakaribia, kisha ikanyamaza. Nikajua amekutana na mtu, wamesimama kuzungumza. Nikangoja.

Mwanzoni nilimuwaza ng'ombe, kwamba hajala. Baadaye hata hilo likaniacha. Ukungu ulishuka kutoka mlimani, matone yakawa yanadondoka kutoka jani hadi jani. Udongo ulikuwa wa baridi chini ya nyayo zangu. Sikuwa na pa kwenda, wala mtu wa kumjibu. Nikasema, "Mungu wangu," na safari hii nikaendelea: "Mwanangu sikuiona hata sura yake." Nikalia kimyakimya, kwa kumstahi mzee aliyekuwa njiani.

Giza lilipoanza kuingia na njia ikiwa kimya, nilijitwika mzigo nikarudi nyumbani. Mama mkwe akauliza nilikuwa wapi. Nikamweleza nilivyongoja mzee apite. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Mwanangu, simu ilimwishia chaji, akashuka njia ya mtoni. Amefika zamani, amekula, amelala. Ulikuwa unamheshimu nani kule, migomba?"

Nikacheka na mimi. Kisha akayaona macho yangu, akauliza taratibu nilikuwa nafanya nini muda wote huo.

"Nilikuwa naomba, mama."

Hakucheka tena. Aliushusha mzigo wa majani kichwani pangu, akaenda kumlisha ng'ombe mwenyewe.