Chupa Sita za Meza ya Wakwe

Jambo lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa dogo ukilisema kwa sauti: Jumamosi, mbele ya wakwe, nitainua glasi ninywe au sitainua? Nikinywa, nimewaambia wageni kwamba kinywaji ni safi. Nisipokunywa, nimemwaibisha baba mkubwa mbele ya ukoo na pengine nimeivuruga harusi ya dada yangu. Niliwaza hata kujifanya naumwa. Lakini nani angeniamini? Nyumbani ninajulikana kwa kuumwa tumbo kila kunapokuwa na shughuli.

Dada yangu alikuwa anaolewa na kijana wa Kigera, Musoma mjini. Baba yetu alishafariki, tukabaki wawili na mama. Sherehe ya kumtoa dada ilikuwa nyumbani kwetu Butiama. Ng'ombe walikuwa wameshaletwa, kanisani ndoa ilikuwa imeshatangazwa, kilichobaki kilikuwa kula na kunywa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa baba mkubwa, na siku moja aliandika kwenye kundi letu la simu, wakwe wakiwemo: "Meza ya wazee itakuwa na whisky, scotch na sigara kubwa za kizungu. Mtaalamu wetu anashughulikia."

Mtaalamu ndiye mimi. Nina shahada ya sayansi ya chakula, na cheti changu mpaka leo kimekaa kwenye bahasha kikisubiri mwajiri. Nilimfuata siku hiyohiyo, akiwa na wanakamati wenzake uani.

"Baba mkubwa, scotch nayo ni whisky. Ni ile inayotengenezwa Uskoti. Kusema whisky na scotch ni kama kusema samaki na sato."

"Kwani samaki na sato hawawezi kukaa meza moja?"

Kamati nzima ilicheka. Nikajaribu tena. "Lakini wazee wa huku hawanywi hivyo vitu. Wana pombe ya mtama, wana ugoro wao. Bibi ameshaloweka mtama."

"Ya bibi itanywewa kule nyuma, jikoni. Watu wa mjini wanakunywaga whisky. Unataka wakasimulie kwamba walikuja kuoa porini?"

Nyuma, jikoni. Bibi yangu amepika pombe ya kila harusi ya ukoo huu, na ya baba mkubwa mwenyewe ikiwemo, halafu siku ya mjukuu wake pombe yake inafichwa kama sufuria lililotoboka. Hakuna mkwe aliyeomba whisky. Hakuna! Tulijitungia wenyewe dharau ambayo hakuna aliyetuonyesha, kisha tukaanza kuikimbia.

Hata hivyo nilikwenda, kwa sababu mimi ni mtu wa kwenda huku nanung'unika. Kwa siku mbili nilisoma kwenye simu habari za mapipa ya mwaloni, moshi wa mboji wanayokaushia shayiri na miaka ya kukomaa, mpaka nikawa na wasiwasi kuhusu umbo la glasi. Musoma niliingia kwenye maduka manne. Katika la nne, mama mwenye duka aliniacha nigeuzegeuze chupa mpaka akachoka.

"Mwanangu, unanunua au unaipima joto?"

"Nataka kujua kama ni halisi, mama."

"Hizi mbili ni halisi, nimezitoa kwenye kasha mwenyewe. Shika kizibo hapa, ukisikia kinacheza hata kidogo, kimbia. Chupa tupu za hii huwaga zinatafutwa kuliko zilizojaa."

Nilicheka kwa adabu bila kuelewa. Nikachukua zote mbili. Moja ilitoka Uskoti, nyingine Ayalandi, ili angalau maneno ya baba mkubwa yawe na ukweli kwa njia ya ajabu.

Sigara zilinipeleka Bunda. Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye hoteli ya watalii karibu na geti la hifadhi alikuwa na kisanduku chake. Alikifungua kama anayefungua sanduku la vito. Nilishika moja ikaniachia unga mkononi. Zilikuwa zimekauka kama mabua ya mahindi mwezi wa nane.

"Hizi ni kavu, ndugu."

"Sigara mbichi uliiona wapi?"

Nilijaribu kumweleza kwamba sigara za aina hii hutunzwa kwenye unyevu. Akaniangalia kwa huruma, akafunga kisanduku. Nilizinunua, na njia nzima mpaka Butiama nilijilaumu: zikiwaka kama nyasi na kumuunguza mzee ndevu, nani atajibu?

Nilimkuta baba mkubwa chumbani kwake na chupa sita mezani. Sita nzuri, zenye nembo za dhahabu, tupu. Alizikusanya kwenye baa na nyumba za wageni za mjini. Kando yake kulikuwa na dumu la pombe kali ya bei rahisi na sufuria la sukari aliyoiunguza mpaka ikawa nyeusi. Ndipo nikayaelewa maneno ya yule mama wa dukani.

"Zako mbili tutazifungua kwanza," alisema, akichanganya kwa mwiko. "Wakishachangamka hawatajua tofauti. Meza lazima ijae. Harusi siku hizi ni picha, kijana."

"Hiyo pombe umeitoa wapi?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani? Imepimwa? Baba mkubwa, kuna pombe zinazopofusha watu. Nimesoma hilo darasani, siyo hadithi."

"Ulisoma miaka mitatu ili uje kuogopa pombe! Mimi nimeionja jana. Unaniona kipofu?"

Aliona ameshinda. Nilitoka, nikamwacha anakoroga.

Kwetu kuna utaratibu ambao hakuna anayeuliza ulianza lini. Kinywaji cha wakwe hakifiki mikononi mwao kabla mwenyeji hajakinywa mbele yao. Kaka wa bibi harusi ndiye huonja, akameza, watu wakamwona akimeza, kisha anampa mkubwa wa wageni glasi ileile. Hapo ndipo mkwe anajua kwamba nyumba hii haina nia mbaya naye. Dada ana kaka mmoja tu. Baba mkubwa alikuwa ametengeneza uongo wake, akapanga upite kooni kwangu. Na kama mzee mmoja angeugua usiku ule, jina ambalo lingebaki Kigera lisingekuwa la mwenyekiti wa kamati. Lingekuwa la dada yangu.

Ijumaa asubuhi nilimkuta dada anasukwa nywele. Nikamwambia yote, pamoja na yale niliyosoma kuhusu macho na ini.

"Umelijua lini?"

"Jumatano."

"Jumatano! Na mpaka leo unawaza?" Msusi alimrudisha kichwa, dada akaendelea kuongea akiwa ameinama. "Wewe unawazaga mpaka chai inaganda. Mimi ndiye nitakayekaa na wale watu. Nitawapikia, nitawaamkia kila siku. Wewe Jumapili utarudi kwenye kompyuta yako kutafuta kazi."

"Baba mkubwa atasema nimemvunjia heshima."

"Atasema. Kwa hiyo?"



Jumamosi, baba mkubwa alipokwenda barabarani kuwapokea wageni, niliingia chumbani kwake nikabeba zile chupa sita, sasa zimejaa, na dumu lake. Nilizimwaga chooni moja baada ya nyingine. Nilivunja zile sigara kavu nikazitupa humohumo. Kisha nikamwomba bibi mtungi wake, nikauweka katikati ya meza ya wazee, na zile chupa mbili halisi ubavuni.

Wakwe walipoketi, baba mkubwa alitazama meza, akanitazama mimi. "Zingine ziko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa ajili ya mpiga picha.

Nilimgeukia mzee wao aliyekaa mbele.

"Shikamoo mzee. Whisky tuliyonayo ni hizi chupa mbili, hakuna nyingine. Sigara hatuna. Pombe hii ameipika bibi yake binti mnayemchukua, na inatosha wote."

Nilichota kwenye mtungi, nikajaza glasi, nikanywa mpaka nusu huku wote wakinitazama. Nikameza. Kisha nikampa glasi ileile kwa mikono miwili.