Lita Zilizopotelea Mbugani

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu Elia: dizeli, tumbaku kavu, na jasho la watu waliopanga foleni tangu alfajiri kupima marobota yao. Ilikuwa Usoke, mbele ya ghala la chama chetu cha wakulima. Mimi nimesimama juu ya ngazi ya ghala na daftari mkononi, binti wa miaka ishirini na sita, najiona mimi ndiye mimi. Siku hiyo nilimwita mtu mzima mwizi mbele ya kadamnasi. Nimefanya mengi ya kijinga maishani, marehemu baba yako angekusimulia kwa kucheka, lakini hilo kaka yangu hakuwahi kulicheka.

Usinitazame hivyo. Chai ipo kwenye chupa, mihogo hiyo hapo, kula. Umenijia hapa Kanyenye asubuhi yote hii na barua ya kumfukuza dereva wako Masanja, eti nikusahihishie Kiswahili. Nimeisoma. Kiswahili hakina kosa hata moja. Unasema anaiba mafuta, kwa kuwa pikapu ile mliyonunua ya kubebea asali inakula dizeli karibu mara mbili ya ilivyoandikwa. Sasa geuza hiyo simu kifudifudi, tarakimu zako hazitakimbia, umsikilize shangazi yako.

Wakati ule chama kilikuwa kimepata pikapu mpya, ya magurudumu manne yanayosukuma yote, na injini yake ina turbo, kile kifeni cha kuisukumia injini hewa ipate nguvu. Turbo hatukuwahi kuiona Usoke. Dereva akikanyaga, inapiga mluzi mwembamba, na watoto wanakimbia pembeni ya barabara wakiuigiza. Ndani ya droo ya gari mlikuwa na kitabu chake. Mimi ndiye mtunza stoo, mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa mapipa ya dizeli, na mimi peke yangu ndiye niliyekisoma kitabu kile kwa kamusi mpaka mwisho. Kilisema gari hili linakwenda kilomita kumi na mbili kwa lita moja. Weee! Nilivimba kichwa. Nilitembea na ile kumi na mbili kama nimeivumbua mimi.

Dereva alikuwa Mzee Salum, mtu wa hapa hapa Kanyenye, wa zile familia za Kiislamu zilizokaa mji huu tangu babu zao. Alikuwa mpole, kofia yake safi hata katikati ya vumbi la kiangazi. Ameendesha magari mazito kwenda Kigoma kabla mimi sijajua kusoma. Kila akirudi safari nilikuwa naandika kilomita na lita, na kila nikigawa napata sita, mara sita na nusu. Miezi mitatu hivyo hivyo. Nusu ya mafuta ilikuwa inayeyuka, nami nikaanza kumchunguza.

Na ukimchunguza mtu ukiwa umeshaamua, hukosi kitu. Niliona akifika ghalani hazimi gari. Analiacha linanguruma huku yeye anasalimiana na watu, mwangaluka hapa, mwangaluka pale, dakika mbili tatu mafuta yanaungua bure. Nikaandika. Tena nikasikia kwamba shemeji yake ana mashine ya kusaga kijiji cha pili, na mashine ile haikosi dizeli hata wenzake wakikosa. Basi! Nikaona nimeshamkamata.

Ndipo ikaja ile siku ya kupima tumbaku. Asubuhi hiyo alinipita mlangoni nami sikumpa hata shikamoo. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mtu ana neno, nikapanda ngazi nikasema kwa sauti, "Naomba Mzee Salum atueleze, mafuta ya wakulima yanakwenda kwa nani? Au tukaulize kwenye mashine za kusaga?"

Watu wote wakamgeukia Mzee Salum. Nilitegemea atapiga kelele, nami nilikuwa nimejiandaa na majibu yangu. Hakupiga kelele. Alitoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya mzani, akasema, "Mwenyekiti, ufunguo huo. Lakini kabla hamjaniondoa, naomba safari moja tu, na huyu binti akae kiti cha pembeni yangu, yeye na kitabu chake." Mwenyekiti akakubali, safari iwe wiki iliyofuata. Mzee Salum akavaa viatu vyake vizuri akaondoka kwa miguu.

Sasa sikiliza balaa nililolifanya. Maneno hupanda treni, mwanangu. Kabla ya Ijumaa yalikuwa yameshafika hapa Tabora. Binti yake, Zuhura, alikuwa ameposwa na watu wa heshima hapa mjini, na wiki ile ile wazee wa mchumba wakatuma ujumbe kwamba shughuli isimame kwanza, mpaka ijulikane ukweli wa baba yake. Niliambiwa Zuhura hatoki ndani. Msichana ambaye sijawahi kumwona, hajanikosea lolote! Nililala vibaya, lakini bado nikajiambia kwamba kosa si langu, hesabu ni hesabu.

Siku ya safari tulianzia kwenye pipa. Mzee Salum akaniambia nishike pampu mimi mwenyewe. Tanki likajaa povu mpaka mdomoni, nikaacha. "Bado," akasema. "Hilo ni povu. Ngoja lishuke, uongeze, litikise gari, uongeze tena." Kumbe hapo tu nilikuwa nimekosea lita kadhaa kila safari, mara kwa kuzidisha, mara kwa kupunguza. Tukapakia dumu la dizeli na jagi langu la stoo lenye alama za lita, tukaondoka.

Njia ya kwanza inakwenda sambamba na reli. Tulipofika kwenye nguzo moja ya reli, zile zinazoonyesha kila kilomita, akaniomba nihesabu nyingine kumi mbele yake, huku nikiangalia mita ya gari. Nikahesabu. Nguzo kumi zilipokwisha, mita ilikuwa imehesabu kilomita tisa. Nikadhani nimekosea, tukarudia. Tisa tena.

"Mnakumbuka mlibadilisha magurudumu?" akaniuliza. "Mlitaka makubwa, yenye meno ya kushika matope. Gurudumu kubwa linazunguka mara chache, na mita inahesabu mizunguko. Mimi nakwenda kumi, daftari lako linaandika tisa."

Mimi ndiye niliyesaini karatasi ya kupokea magurudumu yale.

Tulipofika mwisho wa barabara ngumu akasimama, akangoja kidogo ndipo akazima. Tukajaza tanki kutoka kwenye dumu, povu likashuka, nikasoma jagi. Gari lilikuwa limekunywa kidogo sana. Nikagawa kwa kilomita za nguzo, nikapata kumi na moja na kitu. "Umeona?" Mzee Salum akasema. "Kitabu chako hakisemi uongo. Kimepita njia kama hii, gari tupu, mtu hana haraka."

Halafu akashuka, akayazungusha kwa mkono yale makufuli ya katikati ya magurudumu ya mbele, ili nayo yasukume. Ninyi siku hizi mnabonyeza kitufe tu. Tukaingia mbugani.

Wewe umekulia mjini, mbuga ya masika unaiona kwa dirisha. Udongo mweusi ule unanata kama ugali uliokosa kuiva. Tulikwenda mwendo wa mtu anayetafuta sindano, gia ya chini, turbo inalia, tope linaruka mpaka juu ya kofia ya mzee. Mara mbili nilishuka kukata matawi ya kuweka chini ya magurudumu, na kiatu changu kimoja kipo huko mpaka leo. Ng'ambo tukapakia marobota mpaka gari likakaa chini, tukarudi njia ile ile. Mzee Salum hakunisema hata neno moja njia nzima, na mwanangu, ningefurahi kama angenitukana.

Tulipofika tena barabara ngumu alifungua yale makufuli ya mbele, gari likabaki linanguruma. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kwa nini hazimi. "Weka mkono pale, lakini usiguse," akasema, akafungua boneti. Joto lilinipiga usoni. "Turbo inazunguka kwa kasi kuliko kitu chochote humu ndani, na inapozwa na oili. Nikizima ghafla, oili inasimama, yenyewe ikiwa bado inawaka. Dakika mbili hizi ndizo zinazowafanya msinunue nyingine." Zile dakika mbili nilizokuwa nikimwandikia makosa!

Tukajaza tanki. Jagi la kwanza, la pili, la tatu, nikawa namimina huku machozi yananitoka. Kwa njia ile ya mbugani gari lilikuwa limekwenda kilomita nne tu kwa lita. Ukichanganya barabara ngumu na mbuga, kwenda na kurudi, na mita ile yenye kuibia kilomita, unapata sita. Sita zile zile za daftari langu. Hakuna tone lililokwenda kwa shemeji.

Nikapiga magoti palepale topeni. "Mzee wangu, nisamehe."

"Nimekusamehe, binti yangu," akasema. "Lakini umekaa na namba zangu miezi mitatu. Hata siku moja hukuniuliza, 'Mzee Salum, leo umepita wapi?'" Akafunga boneti. "Na mimi mwenzio ulinisema juu ya ngazi, watu wamejaa."

Nilielewa. Siku ya kupima iliyofuata nilipanda ngazi ile ile. Nikashika nguzo kwa mkono mmoja. Nikawaambia wakulima kwamba mwizi hayupo, mjinga yupo, naye ni mimi, nikawaeleza povu, magurudumu, mbuga na mzigo. Mama mmoja nyuma akacheka akasema, "Kwani wewe hukuwahi kuiona mbuga?" Kila mtu akacheka. Niliona aibu, tena nikaona raha ya ajabu, kama mtu aliyetua kuni kichwani.

Lakini bado Zuhura. Nikapanda treni na mwenyekiti wetu mpaka hapa Kanyenye, tukaenda kwa wazee wa mchumba. Mimi binti wa Kimoravian kutoka kijijini, nimekaa mkekani na kanga kichwani mbele ya wazee watano wenye tasbihi, naeleza habari za dizeli. Mkubwa wao alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mbuga gani?" Nikamtajia. Loo, mzee yule alicheka mpaka akakohoa! Kumbe ujana wake alikuwa utingo wa lori. "Ile? Ile tulikuwa tukiivuka siku mbili!" Akawageukia wenzake, akasema shughuli iendelee. Harusi ilifungwa, nami nilikuwepo jikoni nakata vitunguu, na Zuhura mwenyewe alinijia na hina zake akanikumbatia. Mzee Salum ndiye aliyenifundisha kushika usukani baadaye. Kila jirani akikuambia shangazi yako anajua magari, ujue nimejulia wapi.

Sasa Elia, sisemi kwamba Masanja ni malaika. Simjui. Wapo madereva wanaonyonya mafuta, na mimi mwenyewe miaka ya baadaye nilimkamata mmoja na mpira mdomoni. Lakini nilimkamata kwa sababu nilishajua gari letu linakula nini kwenye njia yetu, kavu na masika, tupu na mzigo. Alipozidisha, nikaona. Ukitumia namba ya kitabu, mwizi na mwaminifu wote wanaonekana sawa, na anayeumia ni mwaminifu.

Wewe mwezi jana ulinionyesha kwa furaha magurudumu mapya yenye meno. Masanja anakwenda huko misituni zaidi ya Sikonge, na mvua hizi, amejaza ndoo za asali, anarudi na kile kinasa chako cha kufuatilia gari kinalalamika kwamba gari limesimama linanguruma. Umempigia hesabu zote hizo kutoka ofisini penye feni. Ulimuuliza amepita wapi?

Nakuomba ufanye hivi, mwanangu. Kesho panda naye. Jaza tanki wewe mwenyewe, ungoje povu. Beba dumu na jagi, upime barabara ngumu peke yake na msitu peke yake. Linganisha mita na njia unayoijua urefu wake. Ukimaliza, hiyo ndiyo namba ya gari lako, mpe na yeye aijue, muichunge wote wawili. Akiwa na kosa, utamwambia ukiwa na haki. Asipokuwa nalo, usimwombe radhi kwa simu. Na kabla hujapanda, mpe salamu yake, maana amekuzidi umri.

Chukua na hiki. Ndicho kile kitabu, gari lilipouzwa nilikiomba. Fungua nyuma, kwenye jalada. Huo ni mwandiko wa Mzee Salum, wa penseli: barabara ngumu, tupu, barabara ngumu, mzigo, mchanga, mbuga, na mbele ya kila moja ameandika kilomita zake. Chini amebakiza mistari mitupu. Aliniambia ni ya magari yatakayokuja.

Barua yako nimeiweka humo ndani, kwenye ukurasa wa mafuta. Ukirudi safari uisome tena, ndipo uamue kama bado unaitaka. Mungu akutangulie mbugani na barabarani, akupe macho ya kuona mtu kabla ya tarakimu, na siku ukikosea, akupe miguu ya kuipanda tena ngazi ile ile. Haya, malizia mihogo, nenda. Na uvae viatu vya kufunga kamba.