Tarumbeta ya Mama Emerance

Mwaka ule waasi walipoingia mji wa Kiwanja, Emerance alikimbia na cherehani yake kichwani, akapanga chumba Goma katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe ya volkano. Alipofikisha miaka arobaini alijinunulia tarumbeta, akaingia fanfare, bendi ya tarumbeta ya parokia. Furaha iliyoje!

"Mama Emerance," Papa Kamate, mwenye nyumba, alilalamika upande wa pili wa ukuta, "hiyo kitu itaniua! Na usipige musumari hata moja kwa mbao zangu!"

Kwanza Emerance akajaribu kupanga trei za mayai ukutani ili kuzuia sauti. Hazikuzuia chochote. Ndipo akakumbuka vipande vya vitenge vilivyorundikana chini ya cherehani. Akashona mito mipana, akaishindilia vipande hivyo mpaka ikanenepa, akaining'iniza kwa kamba kwenye boriti, ukuta mzima mpaka mlangoni.

Akapuliza kwa nguvu zake zote, kisha akatoka mbio. Papa Kamate alikuwa ameketi uani.

"Papa, umesikia?"

"Nimesikia kama nyuki ndani ya chupa. Unaanza saa ngapi?"

"Nimemaliza wimbo muzima!"

Marie-Louise, mke wa mzee, akachomoza kichwa dirishani. "Unishonee na mimi, mama. Huyu muzee anakoroma kupita tarumbeta yako."

Emerance akavua tepu yake ya kupimia shingoni, akaanza kumpima Papa Kamate pua, na ua mzima ukaangua kicheko, mzee mwenyewe akiwazidi wote.