Titi la Mchele

Spiriti na papa mkavu. Changanya harufu hizo mbili katika chumba kimoja cha Mtaa wa Mchikichi, chenye dirisha dogo linalotazama ua wa watu wengine, na utakuwa umeipata harufu ya mwaka ule mama aliporudi kutoka hospitali akiwa na titi moja. Spiriti ilikuwa ya kidonda. Harufu ya papa ilikuwa ya kizimba chetu cha soko la Kariakoo, ambako mama aliuza samaki wakavu tangu kabla sijazaliwa, na hata alipokaa wiki nyingi bila kushika samaki harufu ile haikumtoka. Ilikuwa katika nywele zake, katika khanga zake, mpaka katika mto tuliolalia. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Nilijua kwamba titi la kushoto limekatwa kwa sababu lilikuwa na uvimbe, na kwamba watu wazima wakilitaja hushusha sauti. Mama mwenyewe hakuishusha. "Wamelikata wakalitupa," aliwaambia waliokuja kumpa pole, "na wangenipa panga ningelikata mwenyewe mapema." Wageni walimaliza chai yao haraka haraka wakaaga.

Baba alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo kizimba kile ndicho kilichotulisha na kunipeleka shule, na kizimba cha soko hakikai kitupu kumsubiri mgonjwa. Mama alipolazwa, karani wa soko alimweka mwanamke mwingine akishikilie. Aliitwa Mama Chausiku, mnene, mwenye sauti tamu na jino la dhahabu, na aliapa mbele yetu kwamba mwenyewe akipona tu yeye ataondoka. Mwenyewe akapona. Mama Chausiku hakuondoka. Alisema, kwa ile sauti yake, kwamba mgonjwa wa watu aachwe apumzike, maana mwanamke aliyepasuliwa kifua atampasua papa kwa nguvu gani? Mama alimrukia hapo hapo, bendeji ingali kifuani. Walipoamuliwa, Mama Chausiku alikuwa amepoteza kilemba na damu ilikuwa inapenya kwenye gauni la mama. Karani alisimama katikati yao akahukumu. "Mama Rehema, ukiweza kusimama hapa kutwa nzima kama zamani, ukapanga mzigo, ukapasua, ukapima, kizimba ni chako. Ukishindwa, mwenzako ataendelea." Akampa mpaka Idi.

Mtu mwingine angedhani kusimama kutwa nzima ni suala la miguu. Kwa mama lilikuwa suala la sidiria. Alikuwa mwanamke wa kifua kikubwa, na lile titi lililobaki lilimvuta upande mmoja mpaka mgongo ukamuuma, na kila alipoinua panga kovu lilivutika. Sidiria zake za zamani zilikataa kazi. Upande mtupu ulipanda juu, kamba ikamfuata shingoni kama inataka kumnyonga. Na miaka ile ya foleni, ukiingia dukani ulikuta rafu na muuzaji tu. Siku moja duka la ushirika lilipata mzigo, watu wakapanga mstari tangu alfajiri bila kujua wanapangia nini, na kumbe zilikuwa sidiria, zote za saizi moja, ngumu kama gunia la katani. Wanawake walisukumana, mmoja akang'olewa hereni na sikio likachanika, na mama akatoka na yake mkononi ameishika kama aliyeinyakua vitani. Mshono wake ulipita juu ya kovu kabisa.

Upande mtupu aliujaza sufi iliyotolewa kwenye mto wetu. Sufi ni nyepesi. Alipoinua mikono kutundika ng'onda, wale samaki waliopasuliwa wakakaushwa, ilipanda na sidiria yake mpaka karibu na bega, na wateja wakacheka. Mama Chausiku alikuwa amegeuza kreti akalikalia mbele ya kizimba, anasubiri mwenzake aanguke, na yeye ndiye aliyecheka zaidi. Mama akajaribu matambara. Yalifyonza jasho, yakawa moto, yakamchubua mpaka kovu likafunguka, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kurudi nyumbani. Aliivua sidiria kwa kuirarua, akaichapa ukutani mara nyingi huku akitukana kiwanda kilichoishona, na kama nilikuwa karibu alinichapa nayo mimi. Chuma cha kufungia kiliniachia alama shavuni niliyo nayo mpaka leo. Mama alikuwa na mkono mwepesi, tangu zamani, lakini mwaka ule ulikuwa mwepesi kupita kiasi. Sikumchukia. Nilimwogopa, na niliichukia sidiria kwa moyo wangu wote.

Mtaa wa pili alikaa Mama Hansa, mjane wa Kihindi aliyeshona blauzi za wanawake wa kwao. Idi ilikuwa inakaribia mama aliponikokota mpaka kwake, akafunga mlango na kujivua bila hata kusalimia vizuri. Mama Hansa alilitazama lile kovu, jekundu, limevimba kandokando. Hakusema pole. Aliiokota sidiria sakafuni, akapitisha kidole kwenye mshono wake.

"Dada, hii inakuchinja," alisema. "Mimi nitashona nyingine, nguo laini, mkanda mpana, mshono nitaupeleka pembeni. Mfuko nitauweka ndani. Lakini mfuko huo unataka kitu kizito. Bila uzito itapanda tu, hata nishone vipi."

"Uzito gani?"

"Wa mwenzake. Nenda kampime."

Mama alikuwa muuza samaki, na muuza samaki akiambiwa apime anapima. Mizani yake ya sahani mbili ilikuwa chini ya kitanda, kwa kuwa aliapa Mama Chausiku hataigusa. Aliiweka juu ya meza, akainama, akalilaza titi la kulia kwenye sahani moja, akaniambia nimimine kitu kwenye sahani ya pili mpaka zilingane. Kitu gani? Mchanga tulikuwa tumeujaribu na ulimwasha. Chumbani kulikuwa na unga wa njano wa ugali, ambao kwa joto la kifuani ungechacha, na kulikuwa na mchele tulioupata kwa foleni na kuuficha kwa ajili ya pilau ya Idi. Niliuona mkono wake ukielekea kwenye mchele na machozi yakanitoka. Nilikuwa nimeiota pilau ile. "Mimina," alisema, "au nikumimine wewe." Nikamimina. "Polepole! Usiniibie!" Sahani zikapanda na kushuka, zikatulia, na mama, ameinama vile vile kama anayechungulia kisima, akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu alipotoka hospitali. Nilicheka na mimi, pilau nikaisahau kwa muda.

Sidiria ya Mama Hansa ilikuwa ya kitambaa cha marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, bitana yake ya khanga iliyochakaa kwa kufuliwa, laini kama ngozi ya mtoto. Mchele ulishonewa mfuko, mfuko ukaingia mahali pake. Mama aliivaa akarukaruka chumbani. Aliinua mikono, akainama, akampasua papa asiyekuwepo. Haikupanda wala haikukata. Alinitazama, machozi yamemlenga, akasema tu, "Haya, kesho."

Kesho yake alisimama. Nilitoka shule nikamkuta amesimama, na alasiri bado alikuwa amesimama, anapasua, anapima, anawatania wateja, na kreti la Mama Chausiku likawa linalia kwa jinsi alivyokuwa akijigeuzageuza juu yake. Lakini pini iliyobana khanga ya mama ilikuwa imepita mpaka kwenye mfuko, na kila alipoinua panga tundu liliongezeka. Niliona punje moja ya mchele juu ya ng'onda. Kisha nyingine, sakafuni. Kabla sijafungua mdomo, Mama Chausiku alikuwa ameinuka.

"Mchele! Jamani, anamwaga mchele! Kauficha kifuani, mlanguzi huyu!"

Wasomaji vijana hawatalielewa neno hilo lilivyokuwa likiuma. Watu walikuwa na njaa, na waliambiwa kila siku kwamba chakula kipo ila walanguzi wamekificha. Wanawake walikuwa wameshakamatwa na sukari imefungwa tumboni kama mimba na sabuni zimebanwa kifuani, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mara mbili. Mgambo waliokuwa wakizunguka sokoni walifika mbio, na yule wa mbele akamkamata mama mkono.

"Toa!"

"Nitoe nini?"

"Toa mchele!"

"Huu si mchele. Ni titi langu!"

Umati uliangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichofungua mikono ya watu. Kofi la kwanza lilitoka nyuma. La pili likampata mama jichoni. Mtu alimpiga ngumi ya mgongo, mwingine akamvuta nywele, na mwanamke mmoja aliyenunua ng'onda kwetu asubuhi ile ile alimtemea mate usoni. Nilijitupa miguuni mwao, nikauma paja la mtu mpaka nikasikia ladha ya damu, nikapigwa teke nikagonga ubao wa kizimba. Kutoka pale chini nilimwona mgambo akitia mkono ndani ya gauni la mama na kuvuta. Mama alipapasa nyuma yake akalipata jiwe kubwa la mizani. Alimpiga nalo mdomoni. Ule mlio sijausahau, ulikuwa mkavu, kama papa akivunjwa uti. Mgambo alikaa chini, mikono usoni, damu ikipita katikati ya vidole, lakini alikuwa hajaachia nguo, na gauni, khanga na sidiria ya Mama Hansa vikaenda naye.

Mchele ukamwagika. Ukamwagika wote, mweupe, juu ya sakafu yenye maji na magamba. Na mama akabaki wazi mbele ya soko zima, titi moja na kovu moja. Wapo waliolitazama lile kovu wakainama kwa aibu. Wengine waliinama kwa ajili ya mchele. Ndivyo ilivyokuwa, na sitaipamba. Watu waliokuwa wakimpiga mama walipiga magoti wakakusanya punje kwa viganja, wakatia mifukoni, wakatia kwenye kofia.

Mama hakujifunika. Aliiweka mizani katikati ya kizimba, akainama, akalilaza titi lake la kulia kwenye sahani moja mbele ya macho yao wote. Jiwe lenye damu lilikuwa bado mkononi.

"Nirudishieni titi langu," alisema.

Wanawake wa safu ya samaki walikuwa wamekwisha kuja, kila mmoja na panga lake la kupasulia, wakasimama pande zote mbili. Mgambo wengine waliyatazama mapanga, wakamtazama mwenzao, wakarudi nyuma. Kisha mzee mmoja aliyevaa koti la kuli wa bandarini akasogea, akamimina kiganja chake kwenye sahani tupu, akasema, "Nisamehe, binti yangu." Akafuata mwingine. Wakapanga mstari, maana kupanga mstari walikuwa wamezoea, na kila mmoja akamimina alichookota, mchele na magamba na damu. Sahani ya titi ikaanza kuinuka. Ikainuka, ikainuka, ikagoma.

"Bado," mama alisema.

Watu wakatazamana. Mama Chausiku alikuwa anarudi nyuma polepole, pindo la khanga yake limefungwa fundo. Mama aliinuka akamfikia kwa hatua chache, akamshika shingo kwa mkono mmoja na kumgongesha kwenye nguzo, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka vidole vyake vikaliachia lile fundo. Hakuna aliyewaamua. Mama alimimina ule mchele, akainama tena juu ya sahani. Zikalingana. Akajitanda khanga aliyopewa na jirani, akalifuta jiwe, akauliza, "Anayefuata nani?" Karani alikuwa amefika wakati huo. Alilibeba kreti la Mama Chausiku akaenda nalo, na mama alisimama mpaka soko likafungwa.

Mchele ule tuliuosha mara nyingi, tukaupika siku ya Idi bila nyama, na papa wa nazi. Mama alipakua sinia moja, tukakaa. "Kula," alisema. "Titi hili umekwisha kulinyonya, leo litafune." Jicho lake lilikuwa bado limefumba kwa uvimbe. Mama Hansa aliishona sidiria upya, na mfuko ukajazwa mbegu za ubuyu, ambazo watoto wa uani kwetu walizimung'unya na mimi nikaziosha, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kupigwa kwa kuficha mbegu za ubuyu.

Mama alikufa mzee, na si kwa ugonjwa ule. Mwaka jana nilikatwa mimi, titi la kulia. Nilikwenda Kariakoo mwenyewe, kifua kikiwa bado kinauma, nikapita chini ya sidiria zinazoning'inia kila mlango, nyekundu, nyeusi, za maua, nyingine zikiuzwa chini kwenye turubai kwa kelele. Binti mmoja dukani alinipa shikamoo, akanipeleka nyuma ya pazia bila kushusha sauti. Alinivalisha sidiria yenye mfuko, akatia ndani titi la silikoni. "Inua mikono, mama. Inabana popote?" Haikubana popote. Ilinikaa kama nimezaliwa nayo, na binti yule alishangaa kuona ninalia, akadhani nimefurahi. Nilikuwa na hasira. Kitu ambacho mama alipigwa mbele yangu kwa kukikosa kilikuwa kwenye boksi, na nyuma yake kulikuwa na maboksi mengine.

Nyumbani niliitoa mizani chini ya kitanda. Nililaza titi langu kwenye sahani moja, la silikoni kwenye nyingine, nikainama kama nilivyomwona yeye. La silikoni lilikuwa jepesi kidogo. Nikaongeza mchele juu yake, kiganja kimoja, sahani zikatulia. Kisha niliuchukua mchele ule nikaupika, nikaula wote, na sikumgawia mtu.