Nilimkataza Mama Mdogo Kuacha Vidonge

Msinionee huruma, nawaomba sana! Nilimuua mama yangu mdogo, na sikumuua kwa bahati mbaya wala kwa kutojua. Nilijua. Pengine mkoa mzima hakukuwa na mtu aliyesoma jambo lile kuliko mimi, na bado nikafanya.

Jina langu silitaji. Walio Bukoba na Muleba wakisoma hapa watanijua tu, na wanijue.

Mimi ni daktari. Nilikuwa, niseme hivyo. Nilisomea magonjwa ya mapafu, kisha nikakaa ng'ambo miaka mingi nikisomea utafiti wa dawa za kansa ya mapafu. Niliporudi nikakabidhiwa kusimamia majaribio ya dawa moja mpya ya vidonge katika hospitali moja hapa Bukoba. Wenye utafiti walikuwa huko huko nje. Huku mkuu wao nilikuwa mimi.

Jamani, nilijiona! Kitambulisho cha utafiti nilikivaa shingoni hadi sokoni nikinunua nyanya. Nikialikwa harusini nilitaka nitambulishwe kwa vyeo vyote, kimoja kimoja.

Mama mdogo, sote tulikuwa tunamwita Ma Anjela, aliishi Nshamba na mume wake, Ta Petro. Walikuwa na kibanja cha migomba na kahawa. Sigara hakuwahi kuigusa maisha yake yote. Mwaka mzima alikuwa anakohoa, wakampa dawa za kifua kikuu ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Nilipokwenda Krismasi nikamkuta amekonda, sauti yake ya kwaya imekatika katikati. Nikamleta Bukoba. Ilikuwa kansa ya mapafu, tena ya aina ile ile ambayo vidonge vyangu vilitengenezewa.

Nikamwingiza kwenye utafiti. Kuna fomu ndefu ambayo mgonjwa lazima asomewe kabla ya kusaini. Ndani yake pameandikwa kwamba anaweza kuacha dawa wakati wowote, na hakuna atakayemlaumu. Hapo nilipapita bila kumsomea. Nilijiambia huyu ni mama yangu, wa nini kumchosha na makaratasi?

Akasaini huku anacheka. "Mwanangu, wewe niambie tu nimeze vingapi."

Na dawa ilifanya kazi! Huo ndio ukweli unaoniuma zaidi. Wiki sita tu, uvimbe ukawa umenywea. Siku moja nikamwona anashuka kwenye basi na mkungu kichwani, anahema kidogo, anang'aa.

"Nimekuletea mkungu wa ebitoke, Dokta wangu. Nimeukata mwenyewe!"

Nikampiga picha pale pale, na mkungu wake. Kuanzia siku hiyo picha ile ikawa mali yangu. Niliionyesha kwenye kila kikao. Wageni walipokuja kutoka nje, kitu cha kwanza kuwaonyesha kilikuwa Ma Anjela na ndizi zake. Nikaalikwa kuzungumza kwenye mkutano mkubwa wa madaktari Arusha, na niliambiwa chini chini kwamba nikifanya vizuri utafiti wa nchi nzima utakuwa wangu.

Kisha ikaja barua kutoka ng'ambo. Katika vituo vingine dawa ilikuwa imeanza kuunguza mapafu ya baadhi ya wagonjwa. Agizo lilikuwa wazi: ukiona dalili, simamisha vidonge siku hiyo hiyo, mpe mgonjwa dawa ya kutuliza mapafu, toa taarifa kabla ya kesho yake. Na akipatikana mgonjwa mwingine mmoja tu, majaribio yote yatasimama hadi uchunguzi ufanyike.

Wiki mbili kabla ya Arusha, Ma Anjela alikuja akiwa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika.

Nesi wangu wa utafiti aliitwa Jenista, mwenyeji wa Muleba, mtu makini kupita kiasi. Alileta picha ya CT ya kifua cha Ma Anjela, akafunga mlango.

"Daktari, hii siyo kansa. Uvimbe bado mdogo. Hii ni dawa."

"Ni nimonia," nikasema.

"Pande zote mbili? Bila homa? Daktari, wewe ndiye uliyenifundisha kuisoma."

"Nimesema ni nimonia, Jenista!"

Nikaandika nimonia. Nikaandika antibiotiki.

Nilipokwenda kitandani kwake, Ma Anjela alinishika mkono. "Mwanangu, hivi vidonge nisivipumzishe kidogo? Naona nikimeza ndiyo kifua kinabana."

Sikilizeni nilivyomjibu mwanamke aliyekuwa ananiombea kila Jumapili. Nilisema, "Ukiacha utakufa. Unataka kunitia aibu mimi?"

Akaniangalia. "Hapana, waitu, mwanangu. Sitakutia aibu."

Akameza kidonge mbele yangu, akanywa maji, akafuta mdomo na kona ya khanga. Akaendelea kumeza kila asubuhi, siku kumi na tatu.

Arusha nilivaa suti mpya. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, zimebaki dakika chache niitwe, simu ikatetemeka. Jenista. Nikatoka ukumbini.

"Ma Anjela amefariki, Daktari. Sasa hivi. Mume wake yuko hapa."

Sikuuliza amekufaje, wala kama aliteseka. Swali langu lilikuwa moja: "Umeshaandika chochote kwenye jalada?"

Akakata simu.

Nikasikia jina langu linaitwa kwenye kipaza sauti. Ningeweza kusema nina msiba, nani angenilaumu? Nikaingia, nikapanda jukwaani. Picha ilipofika kwenye ukuta, Ma Anjela na mkungu wake, mkubwa kuliko ukuta wa nyumba yake, nikatabasamu nikasema, "Mama huyu anatoka kijijini kwangu. Leo anakata ndizi mwenyewe na anaimba kwaya."

Wakapiga makofi. Wengine wakasimama.

Mwili wake ulikuwa bado haujapoa!

Tulimzika Nshamba, kibanjani kwake. Ta Petro alisimama mbele ya watu wote, mzee wa watu, akaniita nisimame na mimi. "Huyu kijana alimwongezea mke wangu miezi ambayo hatukuitegemea. Mungu ambariki." Waombolezaji wakaitikia. Nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Kabla watu hawajatawanyika walianza kunifuata wenye vikohozi. Mmoja alikuwa fundi cherehani wa pale senta, kijana mwenye watoto watatu wadogo. Alikuwa na majibu yake ya hospitali mfukoni: kansa ya mapafu. Akaniuliza, "Daktari, na mimi naweza kupata vile vidonge vya Ma Anjela?" Nikamwambia aje Jumatatu.

Mama yangu mzazi, dada yake marehemu, alinishika bega akasema, "Wewe ndiye umebaki fahari yetu." Nilikula chakula cha msiba nikashiba.

Jenista alinisubiri ofisini. "Tuma ile taarifa, Daktari. Bado hujachelewa kwa wengine. Usipotuma wewe, nitatuma mimi."

Nikamwambia atulie, nitatuma. Siku hiyo hiyo nikaandika barua kwa uongozi kwamba nesi huyu amepoteza kumbukumbu za wagonjwa na haaminiki tena. Niliandika kwa ufundi mkubwa! Wakamwondoa kazini. Alikuwa anasomesha wadogo zake wawili, nilijua. Alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa rambo, mimi nikijifanya naongea na simu.

Fundi cherehani akaanza vidonge, akapata nafuu kama Ma Anjela. Mwezi wa tatu wa dawa akaanza kubanwa kifua kama Ma Anjela. Safari hii hakukuwa na Jenista wa kufunga mlango na kuniambia ukweli. Nesi mpya aliandika nilichomwambia.

Mkewe alinipigia simu kuuliza kama waache dawa. Nikamjibu yale yale.

Alikufa Alhamisi, yumo ndani ya basi la kuja hospitali, kichwa kiko mapajani mwa mkewe.

Habari za kifo chake zilimfikia Jenista huko kwao Muleba. Alikuwa ameishi kwa aibu ya barua yangu, watu wakimwita mzembe, akidhani hakuna tena atakayemwamini. Akaandika ng'ambo. Aliandika kila kitu: tarehe, picha za CT, maneno yangu, hata swali nililomuuliza kwenye simu kule Arusha.

Wakaja watatu. Hawakupiga kelele. Mmoja, mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe, aliweka picha ya mapafu ya Ma Anjela kwenye kompyuta yangu mwenyewe.

"Unaona nini hapa?"

Nilifikiria uongo wa kumpa. Nilikuwa nao kama mitatu, yote mizuri. Lakini nilichoka. Nikajibu, "Naona dawa."

Akafunga kompyuta. Alisema jambo moja ambalo sitalisahau: ile dawa ilikuwa nzuri. Wangepewa taarifa mapema wangepunguza kipimo na kuendelea, kama walivyofanya baadaye vituo vingine. Taarifa nzima ilikuwa ukurasa mmoja!

Kituo cha Bukoba kikafungwa. Wagonjwa wangu waliokuwa wanaendelea vizuri waliambiwa wafuate dawa mbali sana. Wawili hawakuweza safari. Nilikutana na mmoja wao karibu na soko, amekaa juu ya gunia, anakohoa kwenye kitambaa. Alinisalimia kwa heshima. Hakujua kwamba ni mimi niliyesababisha kituo kufungwa.

Nilifutwa udaktari. Makala zangu zote za kitaalamu zikaondolewa. Mke wangu alirudi kwao na watoto, na hiyo siyo habari ya leo.

Ta Petro alinifuata nyumbani kwangu Kibeta, jua la mchana, amevaa koti lake la kanisani. Alikataa kiti, akabaki amesimama hapo mlangoni.

"Nimekuja na swali moja. Angeacha vile vidonge siku aliyokuuliza, angeishi?"

Nikaanza, "Baba mdogo, ugonjwa ule ni mgumu, hakuna anayeweza..."

"Angeishi?"

"Ndiyo. Siyo kupona. Lakini angeishi, pengine miaka."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. "Na mimi nilikushukuru mbele ya watu."

Nikapiga magoti. Kweli kabisa, nilipiga magoti kwenye saruji nikamshika miguu. Akaitoa miguu yake mikononi mwangu, mmoja, halafu wa pili. "Usikanyage kwangu. Nikifa usije. Kaburi la mke wangu usilikaribie."

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa adhabu. Lo! Kumbe ilikuwa bado.

Miezi minane baadaye kaka yangu alinipigia kutoka Nshamba. Mama anakohoa. Anatoka jasho usiku, amepungua. Nikakimbia na bodaboda hadi stendi, nikapanda gari la kwanza. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, mifupa ya shingo imetokeza. Kwa macho tu niliona inaweza kuwa kifua kikuu, cha kutibika, dawa zake za bure! Au kansa. Au kitu kingine kabisa. Kilihitaji kipimo, basi.

"Mama, twende hospitali. Siyo kwangu, mimi sina tena hospitali. Popote unapotaka wewe."

"Sitaki."

"Makohozi tu, mama. Watapima makohozi tu."

"Nimeshamwona mdogo wangu akitibiwa," akasema. "Ananiambia kifua kinabana, mimi namwambia vumilia, mtoto wetu anajua. Ni mimi niliyemwambia, unasikia? Ondoka hapa."

Kaka alimsihi. Padri alikuja akamsihi. Walimletea kikopo cha makohozi nyumbani akakitupa kwenye migomba. Hakukataa hospitali tu, alikataa hata kidonge cha kichwa. Na siyo yeye peke yake! Pale kijijini, wahudumu wa afya walipopita kuwatafuta wenye vikohozi, watu walifunga milango. Walisema hivyo ndivyo alivyoanza fundi cherehani.

Mama alikufa baada ya majuma sita. Mazikoni niliruhusiwa kusimama nyuma, barabarani, pamoja na wapita njia.

Hadi leo sijui alikufa na nini. Mimi, bingwa wa mapafu! Watu wananiuliza mama yako aliumwa nini, nasema sijui, wanadhani natania.

Jenista nilimfuata Muleba kumwomba radhi. Alirudishiwa kazi, yuko zahanati. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa. Kuna wagonjwa nje," akaita anayefuata.

Kwa nini naandika haya? Nyie vijana mnaosomea utafiti, nawaambia: mgonjwa akikuuliza kama anaweza kuacha, mjibu anaweza. Mjibu hivyo hata kama kazi yako yote itaanguka siku hiyo. Na ukiona picha inasema usichokitaka, andika inachosema, kabla hujaanza kufikiri nani atapiga makofi.

Na wewe mgonjwa, au wewe mwenye mgonjwa: dawa ikikubana, sema. Daktari akikukaripia, nenda kwa mwingine, hata kama huyo anayekukaripia ulimbeba mgongoni. Lakini msiache hospitali kwa sababu yangu, nawasihi! Makohozi yapimwe. Mbaya nilikuwa mimi, na mimi nimeshaondolewa.