Sura ya Tatu Yaenda Oltepesi

Niliondoka Kitengela kwa sababu Prof, msimamizi wangu, alikuwa amekataa kushika simu, na asipopitisha sura ya tatu ya tasnifu yangu, chuo kitanifukuza mwisho wa mwezi. Nasomea shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiingereza cha enzi za kati, taaluma ambayo, kama mama anavyowaeleza majirani, inatafutwa sana na waajiri waliokufa. Alinifungia chapati akasema, "Mutheu, wasalimie hao wafalme wako."

Kiserian ilikuwa siku ya soko. Nilibadilisha gari katikati ya mbuzi, nimekumbatia sura inayothibitisha jinsi washairi wa kale walivyowafanya wasikilizaji wakose usingizi. Mbuzi mmoja akaivuta kwa meno. Afadhali yeye, alionyesha hamu.

Oltepesi, nilimkuta Prof kwenye kiti kando ya boma, amevaa gambuti. Siku hizi anafundisha akitaka na kufuga siku zingine zote.

"Prof, ile sura—"

"Takwenya!" Mke wake, Mama Naserian, akanikata kwa salamu ya Kimaasai.

"Iko," nikajibu. Kimaa changu kikaishia hapo.

"Hapa mgeni hakimbilii shida yake. Kunywa chai, utupe habari ya kwenu."

Nikatoa habari ya mvua, ya bei ya sukari, ya mguu wa mama. Chai ilipoisha ndipo nikaruhusiwa kusoma. Nikasoma kisomi kabisa. Kufika ukurasa wa pili, Prof alikuwa anakoroma. Nilitaka kulia, haki ya Mungu.

"Na huyo mshairi alikuwa anawaambia watu nini?" Mama Naserian akauliza.

Nikatupa karatasi chini kwa hasira. "Mama, ni mtu ako na njaa! Ameingia kwa mfalme usiku wa baridi. Akiwachosha, analala nje na mbwa. Kwa hivyo anasimulia huku jicho liko kwa sufuria."

"Woi! Na alikula?"

"Alikula mpaka mfupa."

Prof akafungua macho. "Hiyo ndiyo sura. Andika hivyo, ulete wiki ijayo, nitapitisha."

"Kumbe ulikuwa unasikiza?"

"Tangu uwache kusoma."

Nilirudi Kitengela jioni. Mama alikuwa mbele ya televisheni, hakugeuka.

"Haya, wafalme wamesemaje?"

Nikafungua mdomo kutaja nadharia, nikaufunga.

"Mama, kulikuwa na mshairi mmoja ako na njaa."

Akazima televisheni.